Kabla hujanakili chumba cha gemu, uliza kitufe kinafungua mlango wa nani

Hebu tuanze na kitufe.

Umeketi kwenye saiba mjini Kitale, saa yako moja umeshailipia. Ndani ya gemu unayoiunda umejenga chumba kimoja: kuta nne, taa, mlango, na kando ya mlango kitufe chekundu. Mchezaji akibonyeza kitufe, mlango unafunguka. Umejaribu mara tatu na mambo ni sawa. Sasa unataka jengo lenye vyumba vinane. Je, utarudia kazi yote mara saba? Wapi! Unachagua mlango, unanakili mara saba. Unachagua kitufe, unanakili mara saba. Unavipanga, na baada ya dakika chache una korido nzima.

Kisha unaingia mle ndani kama mchezaji. Unasimama mbele ya chumba cha tano, unabonyeza kitufe. Kimya. Unabonyeza tena. Kimya. Halafu rafiki yako aliye kwenye kompyuta ya pili, anayezurura upande ule mwingine wa korido, anapiga kelele: "Wee, mbona mlango wa chumba cha kwanza unafunguka wenyewe?"

Kama umewahi kujenga chochote kwenye Roblox, Minecraft au Unity, umeshacheka, maana unalijua jambo hili. Kama bado, usiende mbali. Kosa hili dogo limebeba swali kubwa kuliko linavyoonekana, na swali lenyewe linamgusa kila kijana wa Trans Nzoia na Bungoma ambaye ameambiwa kwamba riziki ya kesho iko mtandaoni.

Bango la till la jirani

Kwa nini kitufe cha tano kilifungua mlango wa kwanza? Kwa sababu kitufe ni vitu viwili. Kuna umbo, yaani ile rangi nyekundu unayoiona. Na kuna maagizo yaliyofichwa ndani yake, ambayo waundaji huyaita skripti, yanayosema: mtu akinibonyeza, nenda ukafungue mlango fulani. Uliponakili kitufe peke yake, ulichukua umbo na maagizo pia. Lakini maagizo yale yalikuwa yanautaja mlango wa kwanza, na nakala zote saba zikaendelea kuutaja mlango uleule.

Fikiria hivi. Duka la jirani yako pale Kanduyi lina bango la kulipia kwa M-Pesa, lenye nambari ya till. Wewe unafungua duka lako, unaona bango lile limependeza, unalitoa fotokopi na kulibandika ukutani kwako. Wateja wanakuja, wananunua sukari, wanalipa. Bango linafanya kazi vizuri kabisa. Ila pesa zinaingia kwa jirani.

Kwenye Roblox mambo hayakuachwa yajiendee tu, sheria yake iko wazi. Amri ya kunakili, inayoitwa Clone, huchukua kitu pamoja na kila kilicho ndani yake. Ikiwa kitu hicho kinarejelea kingine ambacho nacho kimo ndani ya mzigo unaonakiliwa, nakala itarejelea nakala mwenzake. Ikiwa kinarejelea kitu kilichobaki nje, nakala itaendelea kuelekea kwa yule wa zamani. Kwa hivyo dawa ya korido yako ilikuwa rahisi: weka kitufe, mlango na maagizo yao ndani ya kifurushi kimoja kinachoitwa chumba, hakikisha kila rejeleo linabaki humo ndani, kisha nakili chumba kizima. Kitufe cha tano kitafungua mlango wa tano.

Minecraft nayo ina jambo hilohilo kwa sura nyingine. Amri yake ya kunakili hubeba maelfu ya bloku kwa mpigo mmoja, pamoja na vilivyomo ndani ya makasha. Lakini bloku ya amri iliyoandikiwa anwani kamili ya mahali itaendelea kutuma amri kulekule, hata ukiihamishia ng'ambo ya mto. Iliyoandikiwa "hatua tatu kutoka hapa nilipo" itahama pamoja na chumba. Uamuzi ule uliufanya mapema, pengine bila kujua, siku ulipoandika anwani.

Hilo ndilo ninalotaka ulibebe hadi mwisho wa makala haya: unaponakili kitu kinachofanya kazi, hunakili umbo tu. Unanakili uhusiano. Na usipojua uhusiano huo unaelekea wapi, hujui unamfanyia nani kazi.

Kwa nini tuzungumzie hili sasa

Utaniuliza, kijana wa Kiminini au Misikhu hana mambo mengine ya kufikiria? Anayo. Lakini angalia kinachoendelea. Mwaka 2022 serikali iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu shuleni. Januari 2026, kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10, na wapo waliochagua masomo ya kompyuta. Bungoma ina Chuo Kikuu cha Kibabii, chenye idara zake za kompyuta. Kitale ina National Polytechnic yake. Kila mkutano wa hadhara unaogusa ajira hauishi bila mtu kusema "kazi za kidijitali".

Sasa gemu ndiyo mlango ambao vijana wengi huingilia kwa hiari yao, bila kusukumwa na mwalimu. Na hujaanzia kwenye Roblox. Mchezo wa mabasi wa Indonesia, Bus Simulator Indonesia, uliotolewa na kampuni ya Maleo mwaka 2017, huruhusu mchezaji kuweka rangi na magari yake mwenyewe. Wakenya hawakungoja kualikwa. Waliingiza matatu zenye michoro, majina ya saco na taa za kuchezacheza, wakazigawa mtandaoni. Hakuna aliyewapa cheti. Walichukua kitu cha mwenzao, wakakigeuza kikawa chao.

Kuiga, basi, si dhambi. Fundi wa Webuye hujifunza kwa kumwangalia fundi. Counter-Strike yenyewe, mojawapo ya gemu maarufu zaidi duniani, ilianza mwaka 1999 kama marekebisho ya gemu nyingine, Half-Life, yaliyofanywa na vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe. Mwaka uliofuata kampuni ya Valve, wenye Half-Life, ikainunua. Kwa hivyo sitakuambia uache kukopi. Nitakuambia ukopi ukiwa umefungua macho.

Nakala arobaini, makosa arobaini

Turudi kwenye korido. Umejifunza, sasa unanakili chumba kizima. Vyumba vinakuwa arobaini na kila kitufe kinafungua mlango wake. Unajipongeza kwa soda.

Siku ya tatu unagundua kasoro: mchezaji akibonyeza kitufe mara mbili haraka, mlango unakwama katikati. Kasoro imo kwenye skripti. Lakini skripti hiyo sasa iko mara arobaini. Unafungua cha kwanza, unasahihisha. Cha pili. Cha tatu. Ukifika cha kumi na saba, muda wa saiba umekwisha. Kesho yake hukumbuki ulikomea wapi. Sasa una jengo ambalo nusu ya milango ina akili mpya na nusu ina akili ya zamani.

Hapa ndipo tofauti ya mwanafunzi na fundi huonekana. Fundi hanakili akili, ananakili umbo tu, na akili anaiacha mahali pamoja. Kwenye Roblox kuna njia mbili zinazotumika sana. Ya kwanza ni kugeuza chumba kuwa kifurushi rasmi chenye chanzo kimoja. Ukisahihisha chanzo, nakala zake zinaweza kusasishwa zote. Wanaotumia Unity wanaijua kama prifabu. Njia ya pili ni kuvipa vitufe vyote lebo moja, kisha kuandika skripti moja tu inayosema: tafuta kila chenye lebo hii, mtu akikibonyeza, fungua mlango ulio naye chumba kimoja. Vitufe arobaini, skripti moja. Kosa moja, sahihisho moja.

Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo, na hii inawahusu wachezaji wako wa nyumbani. Programu ya kujengea ya Roblox hutaka kompyuta ya Windows au Mac. Kucheza hufanyika kwa simu. Wewe unajenga kwenye mashine ya saiba yenye nguvu, mwenzako kule Chwele anaingia na simu ya bei nafuu na bando la kuhesabu. Umbo moja likirudiwa mara mia halimlemei sana, kwa kuwa mashine hupakua umbo lile mara moja na kulichora tena na tena. Lakini skripti mia zinazozunguka bila kupumzika, kila moja ikiuliza "kuna mtu hapa? kuna mtu hapa?", hizo ni mzigo. Gemu inakwamakwama, anatoka, harudi. Na hatakuambia ni kwa nini.

Mtego wa tatu ni wa mahali nakala inapozaliwa. Kitu kikinakiliwa na skripti inayokaa kwenye simu ya mchezaji, anakiona yeye peke yake. Kikinakiliwa kwenye seva, wote wanakiona. Vijana wengi wameweka kasha la zawadi, wao wakaliona, wenzao wakaapa kwamba hakuna kasha. Wote walisema kweli.

Sanduku la bure

Mpaka hapa tumenakili vitu vyako mwenyewe. Sasa tuseme ukweli: wengi wetu hatuanzi na vitu vyetu. Tunafungua lile sanduku la vifaa vya bure lililo ndani ya programu, tunatafuta "mlango", "gari", "duka", na tunaburuta cha kwanza kinachopendeza. Vimetengenezwa na watu wengine kote duniani, na vingi ni vizuri, vya watu waungwana.

Lakini vingine vina mgeni ndani. Kwa miaka mingi waundaji wa Roblox wamekuwa wakionyana kuhusu skripti zilizofichwa kwenye vifaa vya bure. Ndani ya mti wa maembe kunaweza kuwa na mstari mmoja tu unaoita msimbo mwingine kutoka nje kwa kutumia nambari. Huuoni msimbo wenyewe. Siku gemu yako inapofunguliwa kwa umma, mstari ule unamwita mwenyewe, naye anaingia kwenye seva yako kana kwamba ni yake. Huo ndio mlango wa nyuma. Kuna skripti zinazojizalisha, zikiingia kwenye kitu kimoja zinajinakili kwa vingine. Kuna zinazojaribu kuwahamishia wachezaji wako kwenye gemu ya mtu mwingine. Kuna zinazofungua dirisha la kununua bidhaa ambayo si yako. Ndiyo maana ile mipangilio ya kuruhusu mauzo na uhamisho wa watu wa nje ni ya kuachwa imezimwa, usije ukaiwasha kwa sababu video fulani imekuambia.

Unaona kwamba ni hadithi ileile ya till? Umebandika bango zuri, hujasoma nambari.

Na usifikiri ni mzaha wa watoto. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa linaloweza kukugharimu faini ya hadi Sh5 milioni, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa hivyo wewe uliyejifunza kutega mlango wa nyuma ili kuwatisha wenzako wa darasani, jua unachezea nini.

Dawa yake haina bei. Kila ukiburuta kitu cha bure, kabla hujakinakili hata mara moja, fungua orodha ya vilivyomo ndani. Mti hauhitaji skripti. Kiti hakihitaji skripti ya kuita kitu kutoka nje. Ukikuta maandishi yaliyosokotwa yasiyosomeka, au nambari ndefu inayoitwa kutoka nje, futa. Ukiona huelewi, futa vilevile. Kukinakili kabla ya kukikagua ni kuzidisha tatizo mara arobaini.

Tufanye hesabu

Sasa pesa, maana najua ndizo zilizokufikisha hadi aya hii.

Pengine umesikia kuhusu Grow a Garden, gemu ya kupanda mboga iliyotoka Machi 2025. Ilianzishwa na kijana wa miaka 16. Kufikia Juni mwaka huo, watu zaidi ya milioni 20 walikuwa ndani yake kwa wakati mmoja. Hadithi kama hii ndiyo humfanya kijana auze kuku anunue muda wa saiba. Simlaumu. Lakini kwa kila gemu moja kama hiyo, kuna nakala zake zisizohesabika ambazo hakuna anayezifungua.

Chukua mfano wa kawaida. Gemu yako ina chumba cha siri, na tiketi ya kuingia ni Robux 400. Kifurushi cha Robux 400 kimekuwa kikiuzwa kwa simu dola 4.99. Mchezaji akinunua tiketi, jukwaa linakata asilimia 30, wewe unabaki na Robux 280. Ukizibadilisha kuwa fedha kwa kiwango kilichotangazwa Septemba 2025, yaani dola 0.0038 kwa kila Robux, unapata dola 1.06 hivi. Mchezaji alitoa karibu dola tano, wewe umepata moja na senti.

Na huwezi kuitoa hiyo dola moja. Ni lazima kwanza ufikishe Robux 30,000 ulizochuma mwenyewe, na uwe na umri wa miaka 13 au zaidi. Hizo ni tiketi 108 za chumba chako cha siri. Ukifika hapo, utapata dola 114, ambazo kwa dola moja kwa takriban Sh129 ni kama Sh14,700. Kabla ya kodi, na kabla ya kuondoa ulizolipa saiba.

Sisemi ni pesa mbaya. Kwa kijana wa Kitale anayebeba magunia ya mahindi msimu wa mavuno, Sh14,700 ni pesa. Ninachosema ni kwamba tiketi 108 hazinunuliwi kwa gemu ambayo mtu ameshaiona mara hamsini. Nakala hukufikisha haraka kwenye mstari wa kuanzia. Kwenye mstari wa kumalizia, wanaolipa hutaka kitu ambacho hawajakiona.

Na hicho unacho. Pale Kitale kuna makumbusho yaliyotokana na mkusanyiko wa mlowezi mmoja, Kanali Stoneham, wa vipepeo, ndege na vitabu. Nje ya jengo kuna maboma ya kijadi ya jamii mbalimbali za eneo hili. Ukienda Webuye kuna Chetambe, ambako Wabukusu walipambana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895, na kuna maporomoko ya Nabuyole kwenye Mto Nzoia. Mlima Elgon una mapango ambayo tembo huingia usiku kulamba chumvi. Niambie, ni chumba gani cha siri kinachoshinda pango lenye tembo gizani?

Nani mwenye chumba

Lakini ukishajenga, chumba ni cha nani? Hapa ndipo vijana wengi huumia, na huumia kimyakimya.

Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, programu ya kompyuta hulindwa kama kazi ya maandishi. Ulinzi huanza pale unapoiandika, si lazima uisajili, ingawa bodi ya hakimiliki, KECOBO, hupokea usajili na cheti chake husaidia ubishi ukizuka. Wazo halilindwi. Mtu yeyote anaweza kutengeneza gemu ya kupanda mboga. Kinacholindwa ni jinsi ulivyolitekeleza. Mwaka 2012 mahakama moja ya New Jersey, Marekani, iliamua kwamba gemu iitwayo Mino ilikuwa imevuka mpaka kwa kuiga Tetris hadi maumbo ya vipande na ukubwa wa uwanja, 20 kwa 10. Waliotengeneza Mino walidhani kwamba kwa kuwa kanuni za mchezo ni huru, na sura yake pia ni huru. Haikuwa hivyo.

Halafu kuna kifungu ambacho nakuomba ukisome mara mbili. Mtu akikuagiza umtengenezee chumba, tuseme hoteli inataka ukumbi wake uonekane kwenye gemu, na hamkuandikiana kitu, sheria yetu huchukulia kwamba hakimiliki imehamia kwa aliyekuagiza. Maana yake, ule mlango mzuri uliomjengea, huenda usiwe na ruhusa ya kuunakili kwa mteja wa pili. Karatasi moja inatosha kuzuia hilo: chumba ni chako, vifaa vya msingi vinabaki vyangu, nitavitumia tena. Tieni sahihi nyote wawili. Basi.

Jukwaa lenyewe pia lina masharti yake. Mwaka 2020 Blizzard, wenye gemu ya Warcraft III, walitoka na masharti yanayosema kwamba gemu zitakazoundwa na wachezaji ndani yake ni mali ya kampuni. Wengi walibonyeza "nakubali" bila kusoma. Wewe husoma?

Na ukichora boma la kijadi, chungu chenye nakshi au ngoma ya jando, kumbuka pia Kenya ina Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016. Jamii ina haki juu ya vitu vyake, na kaunti zimepewa jukumu la kuviorodhesha. Nenda kamuulize mzee kabla hujakigeuza kitu cha heshima kuwa kasha la kupigwa teke ili litoe sarafu. Hata kama sheria isingekuwepo, ungefanya hivyo, ama vipi?

Tunafundisha nini

Neno moja kwa walimu, na kwa wanaopanga bajeti za kaunti. Kumpa kijana kompyuta na kumwonyesha jinsi ya kuburuta na kunakili ni rahisi. Picha zinatoka vizuri, mgeni wa heshima anapiga makofi. Lakini kijana aliyefundishwa hivyo amefundishwa kuwa mteja mwenye bidii. Siku kitufe kitakapofungua mlango usio wake, hatajua aangalie wapi.

Somo lililo bora halihitaji mashine mpya. Mpe mwanafunzi chumba kilichoharibika. Mwambie: kitufe hiki kinafungua mlango wa nani, na kwa nini? Mwache atafute kipindi kizima. Akilijua hilo, amejua rejeleo ni nini, na ujuzi huo atautumia kwenye programu za benki, za hospitali, za kampuni ya sukari, popote atakapoajiriwa au kujiajiri. Gemu itakuwa imefanya kazi yake.

Nawe, msomaji wangu, usingoje mwalimu. Leo jioni fungua mradi wako. Chagua kitu kimoja ulichokinakili mara nyingi kuliko vyote. Kifungue ndani, usome mstari kwa mstari, na ujiulize maswali matatu: Kinaelekea wapi? Akili yake iko mara ngapi? Nani aliyekitengeneza, na ananidai nini? Ukishindwa kujibu hata moja, usikinakili tena mpaka ujue.

Kisha nenda ukasimame mbele ya chumba cha tano, ubonyeze kitufe, na uangalie ni mlango upi unaofunguka.